Mgonjwa Haulizwi Uji: Historia ya Sauti ya Wagonjwa wa Akili na Wauguzaji Wao

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wema. Mtu aliyelala kwa homa hana nguvu za kuagiza, na pengine huona haya kuomba. Basi jirani mwema hamwulizi kama atakunywa au hatakunywa, bali humpikia akamletea. Methali hii imewaponya watu wengi. Walakini kila methali ina mpaka wa shamba lake. Uji wa usiku mmoja si sawa na maisha ya miaka ishirini, wala homa si sawa na ugonjwa wa akili, ambao huweza kumshika mtu katika ujana wake, ukamwacha, kisha ukamrudia hata uzeeni. Mtu wa namna hii asipoulizwa leo, na kesho asiulizwe, mwisho wake hataulizwa kamwe. Na jambo lenyewe halitakuwa uji tu, bali nyumba atakayokaa, dawa atakayokunywa, mali yake, ndoa yake, na mlango utakaofungwa nyuma yake.

Makala haya yana nia ya kueleza jinsi watu waliougua akili, na watu waliowauguza, walivyopata kusikiwa katika mashauri ya taifa. Habari hii haikuanzia kwetu. Ilianza Uingereza, ikapita Marekani, na ikapata umbo la sheria na la baraza katika nchi ya Australia mwishoni mwa karne ya 20. Ndipo ikatufikia sisi wa Afrika ya Mashariki kwa njia ya mkataba wa mataifa. Yafaa kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo kila jamaa yenye mgonjwa hulijua: nani amsemee mgonjwa? Je, ni yeye mwenyewe, au ni ndugu yake?

Maneno matatu

Kabla ya kuingia katika historia, na tutazame lugha yetu, maana imelifikiri swali hili kabla yetu. Kutokana na kitenzi kuugua twapata kuuguza, yaani kumtunza mtu aliye mgonjwa. Twapata pia kuuguliwa, yaani kupatwa na ugonjwa wa mtu wako. Mama husema, "Nimeuguliwa na mwanangu," na hali mwili wake yeye ni mzima. Shina ni moja, na watu ni wawili. Lugha imekiri kwamba ugonjwa mmoja huingia katika miili miwili. Walakini haikuwachanganya wenye miili hiyo. Anayeugua ni mmoja, anayeuguliwa ni mwingine, na hakuna msemaji wa Kiswahili atakayekosea kati ya hao wawili.

Methali nazo zimewapa kila mmoja ushahidi wake. Juu ya mgonjwa twasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Juu ya jamaa yake twasema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hizi ni hati mbili za ushahidi, na hakuna moja iwezayo kusimama mahali pa nyingine. Katika makala haya nitamwita yule wa pili mwuguzaji, nimtenge na mwuguzi, ambaye ni mfanyakazi wa hospitali mwenye mshahara wake.

Waaustralia, ambao habari zao zitafuata, walimwita mgonjwa kwa neno lililotoka sokoni, lenye maana ya mlaji au mtumiaji wa bidhaa. Walilichagua ili kuonyesha kwamba mwenye kutumia huduma ana haki ya kuipima na kuikataa. Baadhi ya wagonjwa wenyewe hawakulipenda. Walisema kwamba mnunuzi huweza kutoka katika duka moja akaingia jingine, lakini aliyefungiwa mlango kwa amri ya sheria hana duka la pili. Ubishi huo juu ya neno haukuwa mchezo wa wasomi; ulikuwa ni ubishi juu ya hali yao hasa.

Uingereza: mwana wa Waziri Mkuu

Mwaka 1812 Waziri Mkuu wa Uingereza, Spencer Perceval, alipigwa risasi akafa katika ukumbi wa Bunge. Mwuaji wake, John Bellingham, alinyongwa wiki moja baadaye, ijapokuwa walitokea mashahidi waliosema kwamba mtu huyo ana wazimu. Waziri Mkuu aliacha watoto wengi, na mmojawapo alikuwa John Thomas Perceval, aliyezaliwa mwaka 1803. Kijana huyu akawa afisa wa jeshi, kisha akaliacha jeshi na kwenda kusoma Oxford. Mwishoni mwa mwaka 1830, alipokuwa Dublin, alishikwa na ugonjwa wa akili. Akawa anasikia sauti zinazomwamuru kufanya mambo, naye akazitii kwa kuamini kuwa zatoka kwa Mungu.

Kaka yake mkubwa akaenda kumchukua, akampeleka katika nyumba ya wagonjwa wa akili iliyokuwa karibu na Bristol, iitwayo Brislington House. Ilikuwa nyumba ya gharama kubwa, iliyosifiwa na watu wa daraja la juu. Humo Perceval alifungwa mikono, akapigwa, akatiwa katika maji ya baridi. Mwaka 1832 alihamishwa akapelekwa Ticehurst katika jimbo la Sussex, ambako hali ilikuwa afadhali, akakaa huko mpaka mwaka 1834. Alipotoka aliandika kitabu chenye sehemu mbili, kilichotolewa mwaka 1838 na 1840, akieleza mambo yaliyompata. Msomaji angetazamia kwamba malalamiko yake makubwa yawe juu ya mapigo. Sivyo. Lililomwumiza kuliko yote ni kwamba hakuna aliyemweleza neno, wala kumwuliza neno, tangu siku aliyoingia. Na hasira yake haikuishia kwa madaktari. Iliwafikia mama yake na kaka zake, waliomlipia gharama na kumwacha humo.

Tarehe 7 Julai 1845 Perceval na wenzake walianzisha chama London. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Chama cha Rafiki za Wanaodaiwa kuwa Wenda Wazimu. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo watu waliopata kufungiwa, kama vile Perceval mwenyewe na Richard Paternoster. Lakini alikuwamo pia Richard Saumarez, tabibu wa upasuaji, ambaye yeye hakuwa mgonjwa. Ndugu zake wawili ndio waliokuwa chini ya ulinzi wa mahakama kwa ajili ya wazimu. Jambo hili lastahili kuangaliwa. Katika chama cha kwanza cha namna hii tunachokijua vizuri, mwenye kuugua na mwenye kuuguliwa waliketi pamoja, na hali mwenye kuugua alikuwa bado na uchungu na jamaa yake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1845 Bunge lilitunga sheria mpya juu ya wenda wazimu, na likaweka wakaguzi wa serikali chini ya Lord Ashley, ambaye baadaye aliitwa Lord Shaftesbury. Huyu alikuwa mtu mwema, na aliwapigania maskini wengi. Ila hakuona kwamba wagonjwa wenyewe wana la kuongeza katika kazi yake. Magazeti nayo yaliudhihaki ule umoja wa watu waliopata kuwa wagonjwa. Hata hivyo chama kiliendelea karibu miaka ishirini, kikizuru nyumba za wagonjwa, kikiandika barua, kikiwatetea watu mmoja mmoja. Mwaka 1859 kamati ya Bunge ilipoundwa kuchunguza jambo hili, Perceval aliitwa kutoa ushahidi, akaieleza kamati kwamba yeye hujiona kuwa mwanasheria mkuu wa wenda wazimu wote wa Malkia. Pengine wajumbe walitabasamu. Lakini Bunge lilimsikiliza, na neno lake likaandikwa katika kumbukumbu za serikali. Perceval alifariki mwaka 1876. Kitabu chake kikasahauliwa mpaka kilipotolewa upya na mwanazuoni Gregory Bateson mwaka 1961.

Marekani: barua iliyokuwa hati ya kusafiria

Nchini Marekani swali la ndugu na mgonjwa lilijitokeza kwa ukali zaidi. Katika jimbo la Illinois, sheria ya mwaka 1851 ilimruhusu mume kumtia mkewe hospitali ya wenda wazimu pasipo ule ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine. Mwaka 1860 mchungaji mmoja, Theophilus Packard, alimpeleka hospitali mkewe Elizabeth, ambaye alikuwa amepingana naye mbele za watu katika mambo ya dini. Alikaa humo miaka mitatu. Mwezi wa Januari 1864 baraza la wazee wa mahakama lilisikiliza kesi yake, na baada ya kushauriana dakika saba tu likatoa hukumu kwamba ana akili timamu. Mwaka 1867 jimbo hilo likatunga sheria kwamba mtu asifungiwe bila kusikilizwa na baraza la mahakama. Katika kesi hii twaona hatari ya kumfanya jamaa kuwa mdomo wa mgonjwa pasipo mpaka: huyo aliyepewa kinywa cha mwenziwe aweza kukitumia kumnyamazisha.

Lakini ingekuwa dhuluma kudhani kwamba kila jamaa ni Packard. Clifford Beers, kijana wa New Haven aliyesoma Yale, alijirusha dirishani kwao mwaka 1900 kwa kuelemewa na ugonjwa. Akakaa miaka mitatu katika hospitali za jimbo la Connecticut, moja baada ya nyingine. Kwa muda wa miaka miwili aliamini kwamba jamaa wanaomzuru si jamaa zake, bali ni makachero waliovaa sura zao, na hakutaka kusema nao. Mwaka 1902 akapata shauri. Alimwandikia kaka yake barua kwa siri, akamwambia kwamba atakapokuja aje nayo mkononi iwe hati yake ya kusafiria. Maana kachero hangeweza kuwa na barua ile. Kaka akaja, akaitoa. Tangu dakika ile, asema Beers, dunia ilirudi mahali pake. Hapa mgonjwa hakuponywa na dawa wala na pingu. Alijitungia mwenyewe mtihani, na ndugu yake akauheshimu mtihani huo badala ya kuucheka. Kila mmoja alitenda sehemu yake.

Kitabu cha Beers, A Mind That Found Itself, kilitoka mwaka 1908, na dibaji yake iliandikwa na mwanafalsafa William James. Mwaka 1909 Beers akaanzisha kamati ya taifa ya usafi wa akili, ambayo ilikuwa mfano kwa nchi nyingi. Walakini kamati hiyo ilijaa madaktari na matajiri. Mwanzilishi alikuwa mgonjwa, lakini wagonjwa wengine hawakuonekana mezani. Lile alilolitaka kwanza, yaani kukomesha ukatili wa walinzi wa hospitali, liligeuka polepole likawa kazi ya kuzuia magonjwa na kufundisha umma. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini haikuwa ile aliyoianza. Beers mwenyewe alifariki mwaka 1943 akiwa amerudi hospitali.

Baada ya mwaka 1955, wakati hospitali za serikali za Marekani zilipokuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000, idadi hiyo ilianza kushuka. Dawa mpya zilikuwa zimepatikana, gharama za hospitali zilikuwa kubwa, na habari za ukatili zilikuwa zimeenea. Wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Lakini huduma zilizoahidiwa mijini na vijijini hazikuja kwa kiasi kilichotakiwa, na kwa hiyo nyumba ya mzazi ikawa ndiyo wodi. Tena baadhi ya madaktari wa zama zile walifundisha kwamba ugonjwa wa skizofrenia hutokana na malezi ya mama. Mama alipewa mzigo, na juu ya mzigo akapewa lawama.

Kutokana na hali hii zilitoka sauti mbili karibu wakati mmoja. Mwaka 1978 Judi Chamberlin, aliyepata kulazwa hospitali bila hiari yake katika miaka ya 1960, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba waliopata kuwa wagonjwa waweza kuunda nyumba na vyama vyao pasipo kutawaliwa na madaktari. Mwaka 1979, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, akina mama wawili waliokuwa na wana wagonjwa, Harriet Shetler na Beverly Young, waliwakusanya wazazi wenzao, na hapo kikazaliwa chama cha taifa cha jamaa za wagonjwa. Wote walikuwa wamenyamazishwa, na wote walisema kweli. Lakini walipofika kwenye jambo la kumtibu mtu kwa nguvu, njia zao zilitengana. Wazazi wengi walitaka sheria imwahi mtoto kabla hajaangamia. Waliopata kufungiwa walijua ladha ya kuwahiwa kwa namna ile. Ugomvi huu haukuwa wa wema na wabaya. Ulikuwa ugomvi wa hofu mbili, na kila hofu ilikuwa na makaburi yake.

Australia: viti viwili

Sasa twafika Australia, ambako swali hili lilipewa jibu la serikali. Nchi hiyo ilikuwa na aibu yake. Katika hospitali ya binafsi ya Chelmsford mjini Sydney, kati ya mwaka 1963 na 1979, wagonjwa walilazwa usingizi wa dawa kwa siku nyingi mfululizo, wakapigwa na umeme, na mara nyingi bila ya wao kukubali wala kujua. Watu 24 walikufa kwa matibabu hayo. Waliotoka hai walilalamika miaka mingi. Walakini tume ya kifalme ya kuchunguza jambo hilo haikuundwa mpaka mwaka 1988. Ushahidi wa mtu aliyeitwa mgonjwa wa akili ulipimwa kwa mizani nyepesi, na kwa sababu hiyo watu waliendelea kufa.

Mwaka 1990 Kamishna wa Haki za Binadamu, Brian Burdekin, alianza uchunguzi wa taifa zima. Alizunguka mijini na mashambani, akasikiliza wagonjwa na jamaa zao kama alivyosikiliza madaktari na maofisa. Ripoti yake ya mwaka 1993, yenye vitabu viwili, ilionyesha kwamba watu waliofunguliwa kutoka hospitali walitupwa katika mabanda, katika jela na mitaani, na kwamba jamaa waliowapokea waliachwa bila msaada. Wakati huo huo mawaziri wa afya walikuwa wametoa mwaka 1991 tamko la haki na wajibu, na mwaka 1992 serikali ya shirikisho na serikali za majimbo zote zilikubaliana juu ya siasa moja ya taifa ya afya ya akili. Ndani yake mlitiwa kanuni ambayo haikuwa desturi ya zamani: kwamba wagonjwa na wauguzaji wao watashirikishwa katika kupanga huduma, kuziendesha na kuzipima. Kikaundwa kikundi cha taifa cha kumshauri waziri, chenye watu wa pande zote mbili.

Mwaka 1997 lilianzishwa baraza la taifa la vyama vinavyoshughulika na afya ya akili, na mwaka 2002 likaundwa jukwaa la taifa la wagonjwa na wauguzaji. Muundo wake ulikuwa mwepesi, na katika wepesi huo mlikuwa na hekima. Australia ina majimbo sita na maeneo mawili makubwa yanayojitawala. Kila mojawapo lilitoa wajumbe wawili: mmoja aliyepata kuugua, na mmoja anayeuguza. Wenyeviti nao walikuwa wawili, mmoja wa kila upande. Hakuna aliyesema kwa niaba ya mwenziwe, na hakuna aliyeweza kutoa neno la jukwaa pasipo mwenziwe kulisikia.

Je, hofu zile mbili zilikwisha? Hazikwisha. Jambo la siri ya mgonjwa laonyesha. Mama ambaye mwanawe atatoka hospitali jioni ataka kujua ni dawa gani aliyopewa, na kama alisema neno la kujiua. Pasipo kujua hayo atamlindaje usiku? Mwana naye ataka kujua kwamba alilomwambia daktari halitasimuliwa jikoni kwao. Wajumbe waliketi na jambo hilo mpaka wakaandika msimamo wa pamoja, uliowataka madaktari wamwulize mgonjwa mapema, wakati akili yake imetulia, nani aambiwe nini; na uliowakumbusha kwamba kumsikiliza mama si kuivunja siri, maana kusikiliza si kusema. Katika jambo jingine hawakutofautiana sana. Mwaka 2009 walitoa tamko la kutaka desturi ya kumfungia mgonjwa peke yake chumbani na kumfunga viungo ikomeshwe. Walioionja desturi hiyo walieleza yaliyowapata. Na waliosimama nje ya mlango wakisikia kilio cha mtu wao wakaeleza yao. Mashahidi wawili wa jambo moja wana uzito kuliko mmoja.

Isidhaniwe kwamba viti peke yake vilitosha. Wajumbe wengi walilalamika kwamba waliitwa baada ya shauri kukatwa, wakaonyeshwa hati ili ipate baraka yao. Walilalamika kwamba daktari na karani hulipwa kwa saa za mkutano, bali wao waliambiwa kwamba ni watu wa kujitolea. Hayo nayo yakawa madai: kuitwa mapema, kupewa karatasi mapema, na kulipwa kama wengine. Katika jimbo la Victoria, tume ya kifalme iliyoanza mwaka 2019 ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2021 yenye mapendekezo 65, na kati ya hayo moja lilitaka liundwe shirika linaloongozwa na watu wenyewe waliopata kuugua. Sheria mpya ya jimbo hilo ya mwaka 2022 iliweka kwamba katika kamisheni ya kusimamia huduma asikosekane kamishna aliyepata kuugua, wala asikosekane kamishna aliyeuguza. Na katika miaka ya 2020 serikali ya shirikisho ilikubali kugharimia vyama viwili vya taifa, kimoja cha wagonjwa na kimoja cha wauguzaji. Kwa hiyo baada ya miaka thelathini ya kuketi meza moja, kila upande ulipewa pia nyumba yake. Mimi siioni hatua hii kuwa ni kuachana. Mwenye nyumba yake huja mkutanoni na shauri lililokomaa.

Kwetu: nyumba ndiyo wodi

Afrika ya Mashariki haikupata kuwa na hospitali kubwa za kufunguliwa milango. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani waliwapokea wagonjwa wa akili huko Lutindi katika milima ya Usambara. Mwaka 1910 serikali ya Kiingereza ilifungua nyumba ya wenda wazimu Nairobi, ambayo baadaye iliitwa Mathari. Na Dodoma kukawa na Mirembe. Vitanda vilikuwa vichache, na watu walikuwa wengi. Kwa hiyo hali ambayo Marekani na Australia ziliifikia baada ya mwaka 1955, sisi tulikuwamo tangu mwanzo: nyumba ndiyo wodi, na dada au mama ndiye mwuguzaji wa usiku na mchana. Wauguzaji wetu ni wengi kuliko wauguzi wetu, na kazi yao mara nyingi haionekani katika hesabu za serikali.

Sheria nayo ilimpa jamaa nguvu. Katika sheria ya Kenya ya mwaka 1989, mgonjwa asiyeweza kueleza hiari yake aliweza kuingizwa hospitali kwa maombi ya mume, mke au ndugu. Lakini mwenye kuugua naye alikuwa amekwisha anza kusema. Nchini Uganda kilianzishwa chama cha wagonjwa na jamaa zao katika miaka ya 1990. Mwaka 2005 watu waliopata kuugua kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kampala wakaunda mtandao wao. Na mwaka 2007 Wakenya wakaunda chama chao. Wakati huo huo huko New York ulikuwa ukitungwa Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na watu waliopata kuwa wagonjwa wa akili walikuwamo katika chumba cha kutunga. Mkataba ulikubaliwa tarehe 13 Desemba 2006. Ibara yake ya nne yazitaka serikali zishauriane na watu hao wenyewe kwa njia ya vyama vyao. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2022 Kenya ikaibadilisha sheria yake ya 1989, na ikaandika haki ya mgonjwa kushiriki katika kupanga matibabu yake.

Haki iliyoandikwa ni mbegu. Bado twaona katika mabenchi ya hospitali daktari akimwuliza kaka, "Anaendeleaje?" na hali anayeulizwa habari zake ameketi hapo hapo, anasikia, na macho yake yapo sakafuni. Kaka hujibu kwa moyo mwema. Ametoka mbali, ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli, hajalala siku tatu. Naye pia hakuna aliyemwuliza, "Wewe je, unaendeleaje?" Wote wawili wamekosa swali lao.

Historia tuliyoifuata yatufundisha kwamba dawa ya kosa hili si kumnyang'anya kaka neno ili apewe mgonjwa, wala kumwachia kaka neno lote kwa kuwa yeye ndiye mzima. Chama cha mwaka 1845 kilikuwa na Perceval na Saumarez. Barua ya Beers ilihitaji mwandishi na mchukuzi. Jukwaa la Australia lilikuwa na viti viwili kwa kila jimbo. Kila mahali ambapo kiti kimoja kilitolewa kwa ajili ya wawili, mmoja alimezwa: mke wa Packard alimezwa na mumewe, na wagonjwa wenzake Beers walimezwa na madaktari na matajiri wa kamati yake.

Basi methali yetu na ikae mahali pake. Usiku wa homa, mgonjwa asiulizwe uji. Apikiwe, anyweshwe, afunikwe. Lakini asubuhi, akili ikitulia, aulizwe. Aulizwe uji huo ulikuwaje, na usiku mwingine ukija apendelea atendewe nini, na nani aitwe. Kisha aliyekesha akiukoroga naye aulizwe. Na mabaraza ya nchi zetu yanapoketi kukata shauri juu ya hospitali, dawa na sheria za watu hawa, wawekewe viti viwili kabla ya kikao kufunguliwa.